Nilipojiita Mtu Mzima

Wiki iliyopita vijana wangu walileta injini mpya nyumbani, wakaisimamisha ndani ya pipa la maji uani, wakavuta kamba kuijaribu. Ndivyo tufanyavyo sisi watu wa ziwa kabla injini haijashuka mwaloni, ufukweni kwenye boti. Ikaunguruma, maji yakachafuka, moshi wa petroli ukapanda na kuchanganyika na harufu ya dagaa walioanikwa kwa jirani. Mke wangu akafunga madirisha huku akinung'unika. Mimi nikabaki nimesimama pale pale, kama mtoto anayesubiri jina lake lisomwe. Petroli na dagaa kwa pamoja, kwangu mimi, ni harufu ya lokapu.

Nyinyi wa rika langu mnanijua kwa mengine. Mnanijua kwa boti zangu, kwa lori langu linalopeleka dagaa Tabora na kuendelea, kwa ile nyumba ya Mwanga ambayo watu huwaelekezea wageni, wakisema piteni pale kwa yule bwana kisha kateni kulia. Sikuvuka darasa la tano, na hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi kwa kunionea huruma. Wenye digrii zao huja kwangu na kuketi wakisubiri niwaone. Sisemi haya kwa majivuno, na hata yakiwa majivuno, nimeyatolea jasho. Lakini kuna siku chache za utoto wangu zilizotaka kunipeleka njia nyingine kabisa, na nimeona niziandike kwa mkono wangu mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuzisimulia vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mliokuwepo hamna haja ya kuambiwa. Ukishuka ufukweni asubuhi unakuta maboti kutoka ng'ambo yamejaa watu waliokaa kimya, magodoro, mbuzi, masufuria meusi. Mji ulipata rangi mbili mpya, bluu ya maturubai na njano ya ule unga wa msaada uliokuwa ukiuzwa kwa kopo sokoni. Malori meupe yalipanda na kushuka kutwa. Na katika malori hayo lilikuwamo lile ambalo sisi watoto tuliliogopa kuliko chatu, lori la watoto wasio na wenyewe. Mtoto aliyekutwa peke yake ufukweni alifungwa utepe wa plastiki mkononi, akapandishwa, akapelekwa kambini, na kutoka kambini, tulivyoambiana, alirudishwa ng'ambo kwenye vita.

Sasa shida yetu sisi Waha mnaijua. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na anayesikiliza kwa haraka hawezi kuvitenganisha. Mtaani kwetu ilisemwa kwamba kijana mmoja, mzaliwa wa Ujiji kabisa, alilala ndani ya mtumbwi, akaamshwa, akajibu kwa Kiha cha usingizini, akapandishwa lori, na baba yake alihangaika sana mpaka kumpata. Kama ilikuwa kweli au maneno ya watu, sijui hadi leo. Lakini mimi nililiamini lile lori kama nilivyoamini kwamba jua huzama Kongo.

Nyumbani tulikuwa mimi na mama. Baba alivuka kwenda Kalemie na mzigo wa chumvi, vita vikamfungia huko, habari zake zikakatika. Mama alikuwa mtu wa Kalinzi, wa kule juu kwenye kahawa. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na kila alichosema kilikuwa na Kiha ndani yake. Aliuza mawese soko la Mwanga. Siku moja nilimwona askari wa doria akimsimamisha na kumwuliza, "Mama, wewe wa kambi gani?"

"Kambi ya mawese," mama akamjibu. "Unanunua au unapita?"

Watu wakacheka, askari naye akacheka akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama mkono wa mama ulioshika kibuyu, naona utepe wa plastiki juu yake.

Niliacha shule nikaenda mwaloni Katonga kutafuta boti. Dagaa, kwa asiyejua, huvuliwa gizani kwa taa za karabai. Mwezi ukijaa, boti zote hupandishwa mchangani na watu hukaa kushona nyavu mpaka giza lirudi. Kila giza jipya, tajiri, yaani mwenye boti, huchagua watu wake upya. Na mtoto hachukuliwi. Si kwa huruma. Mtoto akizama, mama yake anakuja kulia mwaloni, na kilio kinaleta askari. Kwa hiyo kila kijana aliyetaka kazi alikuwa na umri wa namna mbili, wa nyumbani na wa ziwani. Wa nyumbani, mimi nilikuwa na miaka kumi na nne. Wa ziwani, kumi na nane. Hakuna aliyeamini na hakuna aliyebisha. Nahodha wetu alinibandika jina la Kijeba, maana yake mimi ni mtu mzima ila mwili umegoma, na mambo yakaishia hapo.

Na nilikuwa hodari, jamani. Kuchota maji yaliyoingia botini, kupiga bomba la karabai mpaka taa iwake nyeupe bila kutetemeka, kuvuta kamba bila kuomba kupokewa, nilikuwa nawashinda wenye ndevu. Tajiri wetu, Kasimu, mtu mnene wa sauti ndogo, alinisifu mbele ya watu. "Huyu Kijeba ningekuwa nao watano," alisema, "ningekuwa nimeshanunua meli." Baba yangu hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Ningemfuata Tajiri Kasimu mpaka chini ya maji.

Siku yenyewe mwezi ulikuwa umejaa, boti zote ziko mchangani. Nilipofika asubuhi nilimkuta Tajiri na nahodha wamebeba kitu kizito. Tajiri akanipa upande mmoja nishike, petroli ikanimwagikia kifuani. Ilikuwa injini. Tukailaza ndani ya boti, tukaifunika kwa turubai la bluu, juu yake tukarundika nyavu zenye dagaa wa zamani. Niliitazama vizuri kabla haijafunikwa. Kifuniko chake kilikuwa na mkwaruzo mrefu upande mmoja, na mkwaruzo ule niliufahamu, maana injini ile niliiona ikishuka siku chache nyuma na Mkongo mmoja aliyekuja na mke na watoto. Dakika chache kabla, nikitoka njiani, nilikuwa nimempita yule Mkongo akizunguka mwaloni mkono kichwani, akiuliza kila mtu kwa Kiswahili cha kwao, "Bandugu, motere yangu, hamukuiona?"

Tajiri akajifuta mikono. "Kijeba, sisi tunapanda mjini mara moja. Wewe ndiye mkubwa hapa. Mtu asiguse nyavu."

Kifua kilinijaa. Nilikaa juu ya ukingo wa boti, mikono nimefumbata, nikawaangalia watoto wenzangu wakicheza kwenye maji kama vile sijawahi kuwa mmoja wao.

Askari walipotokea kule juu, watu waliokuwa wakishona nyavu karibu yangu waliinuka mmoja mmoja kama wanaokwenda haja. Mimi sikuondoka. Mkubwa haondoki kwenye boti yake. Askari wawili wakaja moja kwa moja mpaka pale, yule Mkongo nyuma yao, wakafunua nyavu, wakafunua turubai.

"Nani mkubwa wa boti hii?"

"Mimi."

Yule askari akatazama nyuma yangu, akitafuta aliyejibu. "Nani?"

"Mimi, afande."

"Una miaka mingapi?"

Nilikuwa na muda mfupi wa kufikiri, na nilifikiri hivi. Watu wazima waliokamatwa na nyavu haramu, niliwaona kwa macho yangu, walilipa faini na siku ya pili walikuwa mwaloni wanacheka. Mtoto asiye na mkubwa wake, lori. Na mama akija kunitetea kwa Kiswahili chake kile, lori kwa wote wawili.

"Kumi na nane," nikasema, kwa Kiswahili cha redioni, nikikificha Kiha chini ya ulimi.

"Ya kuku?" akauliza askari wa pili. Lakini wa kwanza alishaandika.

Lokapu ilikuwa chumba kimoja na watu wazima wengi kuliko nafasi. Dirisha dogo lenye nondo, ndoo pembeni. Shati langu lilikuwa limelowa petroli na nyavu zile zilikuwa zimeniachia magamba ya dagaa, na kwa joto la mle ndani harufu ilifumka mpaka mtu mmoja akaanza kutapika na kunitukana. Aliyekuwa na amri mle walimwita Chifu, mtu mrefu mwenye jino moja la mbele lililovunjika. Akaniita.

"Dogo, umefanya nini?"

"Mimi si dogo. Nina kumi na nane."

Walicheka mpaka askari akagonga mlango. "Haya, mtu mzima," akasema Chifu. "Watu wazima hapa wana kazi. Ndoo ile ni yako. Na usiku utalala karibu nayo." Kisha akaninong'oneza, si kwa ukali. "Umejikaanga mwenyewe. Ungesema mtoto, ungekaa pale mbele kwenye benchi, wamwite mama yako. Mtoto hawekwi humu na sisi. Ni sheria."

Nilidhani ni mtego. Nilimwambia sina mama.

Na kabla jua halijazama nilimsikia. Sauti yake ilitoka kaunta, nzito, haina haraka. "Nimemfuata mwanangu."

"Mama, hapa hakuna mtoto," askari akamjibu. "Tuna watu wazima watupu."

"Aliyeletwa na injini."

"Huyo ana kumi na nane, kasema mwenyewe. Wewe mwenyewe mwenyeji wa wapi? Unaongea kama wa ng'ambo."

Nilijibanza ukutani nyuma ya mgongo wa Chifu ili hata pumzi yangu isisikike. Nilikuwa naomba anyamaze. Nilikuwa naomba aondoke kabla hawajamshika mkono. Chifu akageuka kunitazama, akatazama mlango, akatikisa kichwa. Kisha nikasikia kandambili za mama zikienda.

Kesho yake asubuhi Tajiri Kasimu alikuja dirishani na chapati.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba, Kijeba. Wamekupiga?"

"Hapana."

"Wewe ni mwanamume. Sasa sikiliza. Leo utapelekwa mahakamani. Ukiulizwa, sema ni kweli. Neno moja tu. Watatoza faini, nitalipa, mchana tunakula samaki mgebuka. Usianze kusema mimi mtoto, mimi mtoto. Unajua watoto wanapelekwa wapi miaka hii."

"Kwenye lori."

"Umelisema mwenyewe," akasema, akanipitishia chapati. "Na yule mama wa Kalinzi, kama unampenda, asifungue mdomo mle ndani. Kwa kile Kiswahili chake." Akatabasamu kwa huruma, na mimi nikaona huyu ndiye mtu pekee duniani anayenielewa.

Chumba cha mahakama kilijaa watu wa mwaloni. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua, kila mara anapenga. Nilisimamishwa kizimbani, mbao zake zikinifika kidevuni. Yule Mkongo alikaa mbele. Tajiri alikaa safu ya pili, mikono juu ya tumbo. Mwendesha mashtaka akasoma kwamba mimi, mwenye umri wa miaka kumi na nane, nilikutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi.

"Mshtakiwa, umesikia. Ni kweli au si kweli?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ana kumi na nne huyo," ikasema sauti ya mama kutoka nyuma.

Hakimu akainua macho. "Mama, wewe ni nani?"

"Nimemzaa."

Kiswahili chake kizito kilijaza chumba. Nilisikia mtu akisema, Mrundi huyo. Nilimwona askari wa mlangoni akigeuka kumtazama. Nilimwona mama amesimama na kopo lake la mawese, kavaa kitenge chake kizuri, mkono wake wa kulia mtupu, bado hauna utepe.

"Kijana," akasema hakimu, "huyu ni mama yako?"

Tajiri akakohoa.

"Simjui," nikasema.

Neno lile nimekuwa nalo tangu hapo. Wenzangu, msinihukumu haraka. Kwa akili niliyokuwa nayo nilikuwa namwokoa. Niliamini kwamba nikimkana, askari watamwacha atoke na kopo lake, arudi Mwanga auze mawese, na mimi nitaungana naye mchana.

Mama hakulia. Alimwambia hakimu, polepole, akitafuta kila neno, "Kama ni mtu mzima na ni mwizi, basi na mimi nishikeni. Samaki wa hiyo boti nimekula mimi. Mtoto akileta samaki nyumbani, mama anauliza wametoka wapi. Mimi sikuuliza."

Kisha akageuka, akatoka. Hakimu akapenga, akaandika kitu, akasema kesi isimame mpaka mchana na ofisa ustawi wa jamii aonane na kijana huyu.

Ofisa mwenyewe alikuwa dada wa umri mdogo tu, pengine hajamaliza miaka mitatu kazini, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la Mwanga. Tulikaa chumba chenye meza moja. Hakuniuliza habari za injini. Aliniuliza, "Kwa nini umemkana mama yako?"

Nilitazama vumbi la viatu vyake. Akasubiri. Alijua kusubiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye biashara, na mimi nimekaa mezani na watu wagumu. Mwisho nikasikia mdomo wangu ukisema, "Msimpandishe lori."

"Lori gani?"

Nikamwambia lote. Utepe, kambi, Kiha, yule kijana wa Ujiji. Hakucheka. Akavuta kiti.

"Lori lile linachukua mtoto ambaye hatujui wa nani, ili atafutiwe watu wake. Wewe una mama, ana meza sokoni, mtaa mzima unamjua. Sikiliza. Sheria inasema aliye chini ya miaka kumi na sita hawekwi na watu wazima, hata lokapu. Kesi yake haisikilizwi mbele ya watu. Na mzazi wake anakaa naye. Hiyo ni haki yako, hakuna anayekupa kwa hisani."

Siku hizi wamepandisha, mtoto ni mpaka kumi na nane, na mimi kwenye boti zangu sichukui mtu kabla hajafika hapo, hata akija na kifua mbele kiasi gani. Lakini siku ile maneno yale yalinijia kama habari za nchi nyingine.

"Kwa hiyo nikisema mimi mtoto naachiwa?"

"Hapana. Utaulizwa ulichofanya, na utajibu. Una kumi na nne, si mtoto wa kunyonya. Sheria haisemi hujui baya."

"Sasa faida yake nini?"

"Faida yake utajibu la kwako tu," akasema. "La watu wazima watajibu wao."

Nilirudi kizimbani. Sikuwa nimemwamini sawasawa. Kati ya mtu aliyenisifu mbele ya mwalo mzima na dada wa viatu vya vumbi niliyemjua saa moja, mngemfuata nani? Watu walikuwa wale wale, Tajiri yuko pale pale. Niliangaza nyuma. Mama hakuwepo.

"Kijana, taja umri wako," akasema hakimu.

Tajiri akakohoa tena. Nilimtazama. Alikuwa ameinua nyusi kidogo, kama anavyofanya nahodha kumwashiria mtu avute kamba. Nikaona ghafla kwamba tangu asubuhi hakuwa amemtazama Mkongo hata mara moja. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama Mkongo na huzuni yake, isipokuwa yeye.

"Kumi na nne," nikasema.

"Polisi uliwaambia kumi na nane."

"Hiyo ya ziwani, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Mahakama hii haina umri wa ziwani. Daktari atamwangalia. Mpaka hapo atahesabiwa mtoto, na kesi itasikilizwa kama ya mtoto. Mlalamikaji abaki. Wengine wote nje."

Viti vikaburuzwa. Tajiri Kasimu hakuinuka. "Mheshimiwa, mimi ni tajiri wake huyu. Ni kama baba yake."

"Kama baba hayumo kwenye sheria," akasema hakimu. "Toka."

Mlango ulipofungwa nyuma yake, chumba kilikuwa kikubwa ghafla. Hakimu akauliza mzazi yuko wapi. Karani akatoka, akarudi peke yake akijikuna kisogo.

"Yupo kwenye korido, mheshimiwa. Anasema hawezi kuingia kwa mtoto asiyemjua. Mpaka mwenyewe amwite."

Hakimu akavua miwani. "Nenda kamwite."

Askari wa mlangoni akanishika mkono wa juu, tukatoka. Korido ilikuwa na mabenchi pande zote, na wote waliofukuzwa walikuwa wamekaa pale. Tajiri na watu wa mwaloni upande huu. Mama mwisho kabisa, kopo la mawese kati ya miguu, uso kautazamisha ukutani. Nilitaka kwenda kumnong'oneza. Askari akanizuia. "Ita," akasema.

"Mama," nikaita.

Wanawake kadhaa wakageuka. Yeye hakugeuka.

"Kijeba," akasema Tajiri kwa ile sauti yake ndogo, "unajiharibia."

Nikajua mama anataka nini. Hakutaka neno ambalo kila mtoto anamwitia kila mwanamke. Nikavuta pumzi, nikamwambia kwa Kiha, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kama tulivyokuwa tukiitana Kalinzi, kwamba ni mimi, mwanawe, nimekosa, aje akae na mimi. Kilitoka chote, na lafudhi yake yote, mbele ya askari na mwaloni mzima.

"Kumbe Mrundi kweli," mtu mmoja upande wa Tajiri akasema.

Mkono wa askari ukanikaza. Nilifumba macho, nikasubiri utepe. Kisha nikasikia juu ya kichwa changu Kiha kingine, cha Kasulu, kikimwambia mama aingie, hakimu anasubiri, na asijali wasiojua lugha za watu. Nikafumbua macho. Ni yule askari aliyekuwa akisema.

Mama akasimama, akanyoosha kitenge, akabeba kopo lake. Alipotufikia akanitazama shati. "Nani amekufundisha kupigia watu kelele mahakamani?" akasema, akatangulia kuingia.

Waliniteremsha kizimbani. Nilipewa kiti, na mama akapewa kiti karibu yangu. Hakimu akamwuliza nilizaliwa lini. Mama akaeleza ni mavuno ya kahawa gani na nani alikuwa mkunga. Hakimu akaandika, akasema daktari ataangalia meno yangu, lakini leo sitarudi lokapu, nitalala kwa mama yangu, naye ndiye atakayenileta kila nitakapoitwa. Mama akaitikia. Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kuegemea kiti.

"Sasa wewe," hakimu akaniambia. "Ulijua injini ile si yenu?"

Yule Mkongo alikuwa ameinama, viwiko magotini, ananitazama mimi tu. Chini ya meza mkono wa mama ukaushika wangu, ukaubana mpaka vidole vikauma. Haukunibana kuniambia nyamaza.

"Nilijua," nikasema. "Niliujua mkwaruzo wake. Na nilimsikia akiuliza."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Hilo ni lako. Utalijibia," akasema hakimu, akaandika. Kisha hakimu akageuza ukurasa. "Nani alikuachia injini hiyo?"

Nikasema.

Akamwashiria karani. Mlango ukafunguliwa, jina la Tajiri Kasimu likaitwa koridoni, naye akaingia haraka, mkono mmoja tayari mfukoni, akitabasamu kama mtu aliyeitwa kulipa faini na kumchukua kijana wake. Alipoona nimekaa kwenye kiti karibu na mama, tabasamu likasimama lilipo.

"Ndiye huyu?" hakimu akauliza.

Nilisimama ili nimtazame usoni.

"Ndiye," nikasema.